Bajaji ya betri na hamu ya mwendo

NDUGU wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni habari ya bajaji. Sisemi zile za petroli tulizozizoea, zinazotuamsha alfajiri kwa kelele, bali hizi za betri ambazo siku hizi zinaonekana katika mitaa yetu ya Dar es Salaam, zikipita kimya kimya kama paka. Ninayo sababu ya kulizungumza. Nyumbani kwetu Tabata jambo hili limetugharimu fedha, na limemgharimu mama mmoja mkono wake. Katika gharama hiyo mimi mwenyewe ninayezungumza nanyi nina fungu langu. Nitaeleza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni dereva wa bajaji ya betri. Bajaji si yake, ni ya tajiri mmoja, naye kila jioni anapaswa kupeleka hesabu ya shilingi 20,000. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chake, na ndicho cha mke na mtoto. Kijiwe chake kiko Barakuda, na abiria wake wengi ni wa kwenda Kisukuru na Kimanga. Wenzake wote pale kijiweni wana bajaji za petroli, na hesabu yao ni hiyo hiyo shilingi 20,000.

Sasa abiria wa mjini, kama mnavyomjua, daima ana haraka, hata pale ambapo hana anakowahi. Akifika kijiweni huangalia ipi itakimbia. Wenzake wakaanza kumtania kijana. Wakasema bajaji yake ni ya kupelekea wazee kliniki. Wakasema ni kile kigari cha wacheza gofu wa Gymkhana kimepotea njia. Maneno ya kijiweni hayavunji mfupa, lakini yanavunja biashara. Siku nyingine kijana alikuwa akifikisha hesabu, yeye mwenyewe akarudi nyumbani na shilingi 3,000.

Jioni moja akaja kwangu. Akaniamkia, nikamwitikia. Akasema, "Mjomba, nimepata fundi. Anasema bajaji hii imefungwa spidi makusudi kiwandani. Anaweza kuifungua, na anaongeza betri ya tano. Itakwenda kuliko hizi za petroli. Nikopeshe laki mbili na nusu, nitarudisha kidogo kidogo."

Nami, ndugu wasikilizaji, nikatoa fedha bila kuuliza swali hata moja. Nilimwonea huruma. Leo nataka tuyaulize kwa pamoja maswali ambayo siku ile sikuyauliza.

Swali la kwanza ni hili. Je, ni kweli chombo cha betri kinaweza kuongezwa mwendo? Jibu ni ndiyo, tena kwa urahisi unaotisha. Wenzake walipokiita kigari cha gofu, hawakujua kwamba walikuwa wanasema kweli. Kigari cha gofu na bajaji ya betri ni ndugu wa tumbo moja. Ndani yake vyote viwili vina vitu vinne vikubwa. Kuna betri, ambazo ndizo tangi la mafuta. Kuna mota, ambayo ndiyo injini. Kuna nyaya nene zinazobeba umeme. Na katikati kuna boksi ambalo mafundi huliita kontrola, linalopima ni umeme kiasi gani uende kwenye mota kila dereva anapozungusha mkono wa mafuta, au anapokanyaga, ikiwa ni kigari cha gofu.

Kule Marekani watu wameanza zamani mchezo huu wa kuvikimbiza vigari vya gofu. Upo mji katika jimbo la Georgia, unaitwa Peachtree City, wenye njia za vigari hivyo zenye urefu wa zaidi ya kilomita 150, na watu huvitumia kwenda dukani na shuleni. Kigari cha kawaida cha gofu hakizidi sana kilomita 20 na kitu kwa saa. Watu wakataka zaidi, na mafundi wakawapa. Ilipofika mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaona mambo yamekuwa makubwa, ikaweka kanuni. Chombo kidogo cha magurudumu manne kinachozidi maili 20 kwa saa bila kuvuka maili 25, yaani kati ya kilomita 32 na 40, lazima kiwe na taa, vioo, mikanda na mambo mengine ya usalama. Tuzingatie hapo. Serikali ile haikusema msiongeze mwendo. Ilisema kwamba mkiongeza mwendo, chombo chenu si kile tena. Ni chombo kingine, nacho kina masharti yake.

Swali la pili. Mwendo huo unaongezwaje? Nitaeleza kwa lugha ya mtaani, wahandisi wanisamehe.

Mota ya umeme inapozunguka hugeuka kuwa jenereta ndogo, ikaanza kusukuma umeme wake kurudi kule ulikotoka. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo msukumo huo unavyozidi. Msukumo wa mota ukikaribia kulingana na msukumo wa betri, mwendo hauongezeki tena. Hapo ndipo mwisho wa spidi yake. Basi ukizidisha msukumo wa betri, ambao ndio tunauita volti, unausogeza mbele ule mwisho. Betri nne za volti 12 zikifungwa kwa mfuatano ni volti 48. Ukiongeza ya tano ni volti 60. Hiyo ni nyongeza ya robo, na mwendo nao utapanda kwa karibu robo. Iliyokuwa inakwenda kilomita 28 kwa saa itakwenda 35.

Njia nyingine ni ya kontrola. Katika nyingi zinazotoka Uchina kuna kijiwaya cha kupunguza spidi, na fundi akikichomoa tu, chombo kinafunguka. Wapo wanaobadilisha kontrola nzima ili ipitishe ampea nyingi zaidi. Wapo wanaoweka tairi kubwa, ili kila mzunguko mmoja upige hatua ndefu. Wapo wanaobadilisha meno ya gia. Na wapo wanaotoa mota yenyewe na kuweka nyingine.

Fundi wa mpwa wangu alifanya mawili. Alichomoa kijiwaya na akafunga betri ya tano. Kazi ilichukua saa mbili, chini ya mwembe. Kijana akaondoka pale anacheka peke yake. Mshale wa spidi ulifika 35. Siku ya kwanza alirudi na hesabu na shilingi 14,000 za kwake. Alininunulia soda. Nami nikainywa.

Ndugu wasikilizaji, umeme hautoi kitu bure. Swali la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba nyongeza ile ya mwendo inalipwa na nani?

Mlipaji wa kwanza ni betri. Chombo kinapokwenda mbio hupambana na upepo. Mwendo ukizidi kwa robo, kani ya upepo inazidi kwa zaidi ya nusu, na nguvu ambayo mota inapaswa kuitoa kuushinda upepo ule inakaribia kuwa maradufu. Nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Kabla ya fundi, kijana alikuwa anafanya kazi hadi magharibi. Baada ya fundi, saa tisa alasiri bajaji ilikuwa imeanza kuzimia. Akawa anairudisha nyumbani kuchaji wakati wenzake ndio wanaanza kuvuna abiria wa jioni wanaotoka kazini. Na betri hizi za asidi hazipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho. Ukizoea kuzitumia zaidi ya nusu ya uwezo wake kila siku, maisha yake yanafupika sana.

Tena kuna hili. Ile betri ya tano ilikuwa mpya, na nne zilikuwa za zamani. Ni kama kumfunga ng'ombe mchanga na wazee wanne katika plau moja. Betri zikiwa katika mfuatano, umeme ule ule hupita katika zote. Iliyo dhaifu huisha kwanza, na zilizobaki zinaendelea kupitisha umeme ndani yake kwa nguvu, hadi inaanza kuchajiwa kinyume. Hapo inakufa. Aidha, chaja ilikuwa ya volti 48, haiwezi kuzichaji tano kwa pamoja. Kwa hiyo kijana alikuwa anachaji nne kwa chaja yake, na ile ya tano akiipeleka kwa mtu mwingine na kulipia.

Mlipaji wa pili ni kontrola na nyaya. Vyombo vidogo vilivyomo ndani ya kontrola hutengenezwa kuvumilia kiwango fulani cha volti, pamoja na akiba kidogo juu yake. Kumbukeni pia kwamba betri ya volti 12 ikijaa haiwi na volti 12 kamili, bali 12 na pointi saba hivi. Tano zilizojaa zinapita volti 63. Akiba yote imekwisha. Na mtu akizidisha ampea, joto katika nyaya halizidi kwa kiasi kile kile. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana utaona waya umelainika na gamba lake kuyeyuka, na fundi anashangaa. Hakuna la kushangaza. Waya ule ulikatwa kwa kazi nyingine.

Mlipaji wa tatu ni mwanadamu. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Dereva akiona hatari mbele, mpaka mkono wake ufike kwenye breki inapita kama sekunde moja na nusu. Akiwa na mwendo wa kilomita 28 kwa saa, muda huo tu unampeleka mita karibu 12. Kisha breki zinaanza kushika, na kwa breki za wastani atahitaji mita kama 8 zaidi. Jumla karibu mita 20. Mfanye huyo huyo awe na mwendo wa kilomita 35. Kabla ya breki atakwenda mita karibu 15, na baada ya breki mita karibu 12. Jumla karibu mita 27. Nyongeza ni mita 7. Mita 7 ni kama urefu wa Coaster moja nzima. Yaani mtoto ambaye jana ungesimama mbele yake, leo umempita kwa urefu wa Coaster. Na hapo tumefanya kama breki ni nzima na barabara ni kavu.

Kisha tukumbuke kwamba bajaji ina magurudumu matatu. Kigari cha gofu kina manne, na hata hivyo hupinduka. Bajaji mbele ina gurudumu moja tu. Dereva akipiga breki huku anakata kona, uzito wote wa abiria na mizigo unakimbilia mbele na nje, kule kwenye pembe ambako hakuna gurudumu la kuupokea. Na msukumo huo wa kutupa nje katika kona nao hauzidi kwa robo. Mwendo ukizidi robo, wenyewe unazidi kwa zaidi ya nusu.

Siku ya tisa baada ya fundi, jioni, mpwa wangu alikuwa anateremka na mama mmoja muuza genge, aliyekuwa na ndoo mbili za nyanya. Mtoto akatoka uchochoroni anafuata mpira. Kijana akapiga breki na kukata kushoto. Mtoto hakuguswa, tunamshukuru Mungu. Bajaji ililala ubavu juu ya mtaro. Nyanya zikatapakaa. Mama yule alitegemea mkono, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Akafungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, na kwa majuma sita hakuweza kufungua genge lake. Yule ndiye alikuwa analisha nyumba.

Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, watoto wake wanamenya viazi. Nikamweleza kwamba mimi ni mjomba wa dereva, na kwamba fedha ya betri ile ilitoka kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba, mlikuwa mnawahi wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nikachukua karatasi nikapiga hesabu, ili angalau nijue. Kutoka kijiweni hadi kule alikokuwa anakwenda yule mama ni kama kilomita tatu. Kwa mwendo wa kilomita 28 kwa saa, njia ikiwa tupu, ni dakika 6 na sekunde 26. Kwa mwendo wa kilomita 35 ni dakika 5 na sekunde 9. Tulichokuwa tunawahi ni dakika moja na sekunde 17. Nanyi mnaoijua Tabata mtaniambia ni lini mliikuta njia tupu. Kwa matuta, madimbwi, magari yanayopishana na watu wanaovuka, hata hiyo dakika moja haipatikani.

Sasa, ndugu wasikilizaji, msidhani nimekuja hapa kuwaimbia kwamba haraka haraka haina baraka, kisha niwaage. Methali hiyo ni ya kweli, lakini kodi ya nyumba haiijui. Kijana yule alikuwa na shida ya kweli, na wapo vijana wengi wenye shida kama yake. Basi tuulize swali la nne, la faida zaidi. Alipaswa kufanya nini?

Tulipoipeleka bajaji kutengenezwa tulimpata mzee mmoja, fundi wa zamani wa umeme wa magari. Kabla ya kufungua chochote aliuliza, "Ilipokuwa mpya ilikuwa inakwenda ngapi?" Kijana akasema ilikuwa inafika 28. "Na kabla hamjaongeza betri?" Akasema ilikuwa imeshuka hadi 23. Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Basi hii haikuwa polepole. Ilikuwa inaumwa, nanyi mkaipa pombe badala ya dawa."

Akaanza kutuonyesha ugonjwa mmoja mmoja.

Kwanza, vichwa vya betri vilikuwa vimeota ule unga wa kijani na mweupe. Umeme ukipita mahali pachafu namna ile unapungua kwa kugeuka joto. Kiungo kimoja kibovu kinaweza kula volti mbili wakati mota inavuta ampea 100. Hizo ni wati 200 za joto, sawa na balbu mbili zile za zamani za wati 100 zinazowaka bure mchana kutwa. Viungo vitatu vya namna hiyo vimekula volti sita, na volti sita katika 48 ni sehemu moja ya nane ya mwendo wako wote. Dawa yake ni maji ya moto yenye magadi kidogo, brashi ya waya, kukaza nati, na kupaka grisi juu. Gharama yake haifiki nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi.

Pili, tairi za nyuma hazikuwa na upepo wa kutosha. Tairi laini hula nguvu kama mtu anayetembea kwenye mchanga wa pwani.

Tatu, breki ya gurudumu la kushoto ilikuwa inashika wakati wote. Mota ilikuwa inavuta, na breki inazuia, mchana kutwa. Tena kwa sababu ilikuwa inashika upande mmoja, dereva akipiga breki kwa nguvu chombo kilikuwa kinavutwa kushoto. Mnaona wenyewe lile la mtaroni lilianzia wapi.

Nne, maji ya betri yalikuwa yameshuka chini ya bamba. Hapa kuna kosa kubwa la mtaani ambalo nataka leo tuliache. Watu wengi betri ikipungua nguvu huongeza asidi, wakiamini inapata ukali. La hasha. Kinachopungua katika matumizi ya kawaida ni maji, asidi imebaki mle mle. Kinachotakiwa ni maji safi ya betri, yasiyo na chumvi, nayo si ya bomba wala ya kisima. Ukiongeza asidi unayala mabamba. Na uyaongeze baada ya kuchaji, isipokuwa kama mabamba yamekaa wazi, hapo yafunike kwanza kidogo ndipo uchaji. Uvae kitu cha kukinga macho, usiwe na sigara wala kibatari karibu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Mzee alifanya kazi hizo nne kwa siku moja. Akaitoa betri ya tano, akarudisha kijiwaya mahali pake. Bajaji ikarudi kwenye kilomita zake 28. Mwendo uliopotea ulikuwa umefukiwa na uchafu, nasi tulitoa laki mbili na nusu kununua wa kuweka juu yake.

Kama baada ya yote hayo mtu bado anahitaji mwendo zaidi, labda kwa kuwa njia yake ni ndefu na ya lami, basi ajue kwamba mwendo ni wa mfumo mzima. Betri zote ziwe za aina moja na umri mmoja. Chaja iwe ya volti hizo hizo. Nyaya ziwe nene za kutosha, fyuzi iwepo. Kontrola na mota ziwe zimeandikwa kiwango hicho. Na kabla ya hayo yote, breki ziwe za chombo cha mwendo huo. Asianzie kwenye spidi na kumalizia kwenye breki. Wenye betri za lithiamu nao wasikubali fundi akate kile kibao cha ulinzi kilichomo ndani ili eti ampea zitoke nyingi. Kibao kile ndicho kinachozuia betri isiwake moto, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo ya maji. Tena amwulize mwenye chombo, na aulize bima yake itasemaje chombo kikikutwa si kile kilichosajiliwa. Barabarani napo sheria yetu ya usalama ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Lakini kikomo hicho hakimwambii mwenye magurudumu matatu kwamba naye anaweza kukifikia salama.

Tusidhani kwamba umeme na mwendo ni maadui. Mwaka 1899, tarehe 29 Aprili, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza duniani kupita kilomita 100 kwa saa katika gari. Gari lile, lenye umbo la sigara, lilikuwa la betri. Petroli ilikuwa bado inakohoa nyuma. Na hapa kwetu, tangu mwaka 2024, treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa, na abiria wanasinzia. Wanasinzia kwa sababu reli, breki, mabehewa na uzio wa njia vyote vilijengwa kwa ajili ya mwendo huo. Hakuna aliyeongeza betri ya tano chini ya mwembe.

Yapo maneno mawili ya mwisho.

La kwanza ni la zile betri zinazokufa mapema kwa sababu ya mbio hizi. Ndani yake mna madini ya risasi na asidi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Sisi watu wa Tabata tunaijua habari ya taka. Mwaka 1988 wakazi wa hapa waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukiza kwa moshi na harufu, na Mahakama ikawapa haki. Ingekuwa aibu sisi tuliolikataa dampo lile tuanze kumwaga asidi ya betri katika mitaro yetu wenyewe. Betri kuukuu ina bei. Irudishwe kwa wanaozinunua kwa ajili ya kiwanda, bila kupasuliwa uani.

La pili ni la matajiri wenye bajaji. Chombo cha betri gharama yake ya siku ni ndogo. Betri nne za ampea 100 zikijaa zina umeme usiofika uniti tano za LUKU, na hata ukihesabu unaopotea katika kuchaji, ni kama uniti sita. Lakini nacho kinahitaji saa za kuchaji, na hakikimbii kama cha petroli. Mkikiwekea hesabu ile ile ya petroli, mnamtuma kijana wa watu kwa fundi wa chini ya mwembe bila kumwambia. Mpwa wangu na mimi tulikwenda kwa tajiri wake tukaketi naye. Tukamwonyesha bei ya ile kontrola ambayo nayo ilianza kunuka, na gharama ya mkono wa yule mama. Alikuwa mtu mwelewa. Hesabu ikashuka hadi 15,000, kwa masharti kwamba kila Jumapili bajaji isimame nusu siku, isafishwe vichwa, ipimwe upepo, iangaliwe breki na maji.

Kijana yupo kijiweni hadi leo. Wenzake bado wanamtania. Wapo abiria wanaompita wakaenda kwa wa petroli, na wapo kina mama wenye mizigo na wazee ambao sasa wanamsubiri yeye, kwa kuwa haruki matuta. Fedha yangu anairudisha kidogo kidogo, nami nusu yake napeleka kwa yule mama wa genge, kwa sababu deni lile nami ninalo. Genge lake limefunguliwa tena, ingawa ndoo bado ananyanyua kwa mkono mmoja.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kumpa mtu fedha ya kuongeza mwendo, muulizeni kwanza mwendo aliokuwa nao umepotelea wapi. Mimi sikuuliza. Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.